Maji Maangavu Si Maji Matupu

Mhadhara kwa walimu wa sayansi wa shule za msingi na wazazi, Mogitu, Hanang

 

Kabla sijasema lolote, namwomba mwalimu aliyekaa hapa mbele anisaidie. Mezani pana chupa mbili za plastiki za lita moja na nusu, zile zinazookotwa kando ya barabara. Katika kila moja nimetia konzi mbili za udongo uliofukuliwa hapo nje, na maji ya ndoo ileile. Tofauti yao ni moja tu: hii iliyofungwa uzi mwekundu shingoni imeongezwa vijiko viwili vya chumvi. Mwalimu, zitikise zote mbili kwa nguvu. Sasa ziweke, na mtu asiziguse mpaka nimalize. Mkiona macho yangu yanakimbilia huko, mniwie radhi. Udongo wa vitabuni naujua. Wa hapa Mogitu sijaujaribu, na huenda ukaniaibisha mbele yenu.

Nimepewa mada ya kutofautisha aina za michanganyiko. Ni mada ya shule ya msingi, na kila mmoja wetu aliwahi kuikariri. Mwulize mtoto yeyote, atakuimbia: upo mchanganyiko unaofanana kote na upo usiofanana, maji na chumvi ni wa kwanza, maji na mchanga ni wa pili. Anapata vema, anageuza ukurasa. Kesho yake mwonyeshe glasi ya maziwa, umwulize ni wa aina gani. Atasema unafanana kote, maana maziwa ni meupe juu mpaka chini. Kakosa, na hajui kakosea wapi, kwa sababu tulimpa majina kabla ya kumpa vipimo. Nililokuja nalo leo ni hilo tu: mchanganyiko hautambuliwi kwa kuutazama. Unatambuliwa kwa kuufanyia jambo. Uuache utulie, uupitishe kitambaani, uumulike, uuchemshe. Jina lije mwisho.

Kuhusu michanganyiko ya vitu vikavu kina mama hawahitaji mhadhara. Maharage yenye vijiwe yanachaguliwa kwa vidole, unga unachekechwa, nafaka inapepetwa. Anayepepeta anajua kwamba punje na kapi vikirushwa pamoja havirudi pamoja, kwa kuwa upepo una nguvu juu ya kimoja kuliko kingine. Kombaini zilizoletwa kwenye mashamba ya ngano ya shirika la NAFCO kule Basotu, yale yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada, zilifanya kwa feni kazi ileile ambayo ungo unaifanya kwa upepo. Mashamba yale yana historia nyingine chungu kwa wafugaji wa Kibarabaigi waliopoteza malisho yao, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine na ya msemaji mwingine.

Shida inaanza kwenye vimiminika, na inaanzia kwenye maneno yenyewe. Kwa Kiswahili cha kila siku barafu inayeyuka, samli inayeyuka, na sukari nayo inayeyuka kwenye chai. Haya si mambo mamoja. Samli iliyo jikoni inabadilika hali kwa joto, na ikipoa inarudi ilivyokuwa, haikuhitaji mwenzake. Sukari inahitaji maji ya kuipokea. Ndiyo maana napenda neno ambalo baadhi ya vitabu vyetu hulitumia: mmumunyo. Mtoto akiweka pipi mdomoni asiitafune, anaimumunya. Inapungua, inapungua, mwishoni haipo, lakini utamu uko mdomo mzima. Hapo umeshamfundisha nusu ya somo. Niliwahi kuona somo lililotafsiriwa ovyo, maji ya chumvi yakaitwa “suluhisho la chumvi”, kana kwamba maji na chumvi viligombana, wazee wakakaa kitako wakavipatanisha.

Sasa, maji ya chumvi yana tabia gani? Yaache mwezi mzima kwenye chupa iliyofungwa, chumvi haitashuka chini. Yapitishe kwenye kanga iliyokunjwa mara nane, yatatoka na chumvi yake. Yamulike kwa tochi gizani, hutaona mstari wa mwanga ukipita ndani yake. Vipimo vitatu, na katika vyote chumvi imejificha. Kipimo kinachoifichua ni moto, au jua. Kaskazini ya mlima wetu wa Hanang, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kuna Ziwa Balangida. Mvua hushusha maji ziwani yakiwa yamebeba chumvi za udongo na za miamba, na maji hayo hayana pa kutokea. Kiangazi jua huyanyanyua maji peke yake na kuiacha chumvi palepale, na watu wanakwenda kuivuna. Balangida ni sufuria kubwa iliyoachwa jikoni maelfu ya miaka. Mwalimu mwenye sufuria ndogo na mafiga matatu anaweza kurudia kazi hiyo kabla ya kengele ya mapumziko.

Hapa niseme jambo ambalo watoto hulishangaa: si lazima mmumunyo uwe wa kitu kigumu ndani ya maji. Soda ni gesi iliyomumunyika katika kimiminika. Ukifungua kizibo, shinikizo linashuka na gesi inatoka mbio. Hewa hii tunayovuta ni gesi zilizochangamana, naitrojeni asilimia 78 hivi, oksijeni 21, na nyingine kidogo kidogo. Na bangili za njano zinazovaliwa na mama wa Kidatoga ni mmumunyo mgumu. Wahunzi wa Kidatoga, hasa wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, hukusanya vyuma chakavu, bomba za zamani na makufuli, wakayeyusha shaba na kuimimina kwenye kalibu. Shaba ile ya njano ni shaba nyekundu na zinki vilivyoingiliana hata ukiikata bangili popote utakuta mchanganyiko uleule. Huwezi kuiacha kabatini ukitumaini zinki itatuama chini.

Turudi kwenye maziwa, maana maziwa ndiyo yanayotuumbua walimu. Nyumba gani hapa haina kibuyu, au haikuwa nacho zamani za bibi? Maziwa yakiachwa usiku mmoja malai yanapanda juu. Yakitiwa kibuyuni na kusukwasukwa, siagi inajikusanya. Kama mafuta yale yangekuwa yamemumunyika kama sukari, mikono ya bibi isingeyatoa hata asuke mpaka jioni. Yalikuwamo tangu mwanzo, matone madogo mno yanayoelea, kila moja limevaa ngozi nyembamba inayolizuia kuungana na mwenzake. Kusukasuka kunazipasua zile ngozi, matone yanagongana na kushikana. Maziwa ya pakiti hayapandishi malai kwa sababu kiwandani yamelazimishwa kupita kwenye matundu madogo kwa shinikizo kubwa, matone yakavunjwavunjwa mpaka yakawa madogo zaidi. Kwa hiyo mtoto wa nyumbani kwa pakiti na mtoto wa nyumbani kwa kibuyu watatoa majibu mawili tofauti kwenye mtihani mmoja, na wote wameona kwa macho yao.

Kundi hili lililo kati ya mmumunyo na tope lilipewa jina mwaka 1861 na mkemia wa Uskoti, Thomas Graham. Aliliita koloidi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Kipimo chake rahisi ni mwanga, na kinaitwa kwa jina la John Tyndall, mwanafizikia mzaliwa wa Ireland wa karne hiyohiyo. Fungeni madirisha ya darasa. Wekeni glasi mbili, moja ya maji ya chumvi, nyingine ya maji yaliyodondoshewa matone mawili ya maziwa. Washa tochi ya simu, ielekeze pembeni mwa glasi. Kwenye maji ya chumvi mwanga unapita bila kuonekana. Kwenye ile nyingine utauona umesimama kama fimbo nyeupe. Chembe za mafuta na protini ni kubwa kiasi cha kuurusha mwanga huku na huku. Chembe za chumvi ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Aliyewahi kusafiri asubuhi ya ukungu kwenye barabara ya Babati kwenda Singida ameshaona jaribio hili kwa taa za lori. Ukungu ni koloidi ya matone ya maji ndani ya hewa.

Kuna jambo nataka kukaa nalo kidogo, kwa sababu hapa mada inatoka kwenye daftari na kuingia mwilini.

Mlima Hanang ni volkano iliyolala. Kama ilivyo kwenye sehemu nyingi za ukanda huu wa volkano na Bonde la Ufa, Arusha, Kilimanjaro na huku kwetu Manyara, maji yanayopita katika miamba ya namna hiyo humumunya floridi. Floridi haina rangi, haina harufu, na kwa kiasi kinachopatikana kisimani ulimi hauitambui. Maji yenye floridi nyingi yanaweza kuwa maangavu kuliko maji ya bwawa la ng’ombe, na mama akayasifia. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia mpaka 4, kwa kuwa maji mbadala yalikuwa shida, kisha ikakishusha kiwango hadi 1.5. Ili mpate picha: miligramu 1.5 kwa lita ni gramu moja na nusu ndani ya tangi la lita 1,000. Hiyo ni kama robo ya kijiko cha chai, basi. Ikizidi hapo miaka nenda miaka rudi, watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga chini ya fizi huyaotesha yakiwa na madoa ya kahawia. Ikizidi sana, mifupa nayo inaumia.

Sasa pitisheni maji hayo kwenye vipimo vyetu. Yaache yatulie: hakuna mashapo. Yachuje kwa kitambaa: yanatoka na floridi yake. Yamulike: hakuna kitu. Ni mmumunyo kamili. Na mama mwenye bidii, aliyefundishwa kwenye semina kwamba maji ya kunywa yachemshwe, akiyachemsha anaua vijidudu, hilo ni kweli na aendelee kuchemsha, lakini floridi haiondoki. Akiyasahau jikoni yakapungua nusu, kila lita iliyobaki ina floridi maradufu. Haya si makosa yake. Alifundishwa dawa ya aina moja ya mchanganyiko, akaitumia kwa aina nyingine. Kinachosaidia kwa floridi ni kitu kinachoinasa, kama mkaa wa mifupa ya ng’ombe. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi ya kuondoa floridi kwa mkaa huo. Magadi yanayotiwa kwenye makande ili yaive haraka nayo huweza kubeba floridi, jambo ambalo watu hawapendi kulisikia, na mimi mwenyewe kande bila magadi naiona haijakamilika.

Ndiyo maana nakereka nikiona swali la mtihani linalosema “maji safi ni maji yasiyo na rangi wala harufu”. Hizo ni sifa za kuonekana. Maji yale yanaweza kuwa yamebeba mzigo.

Sasa nisimulie aibu yangu. Mwaka uliofuata baada ya maafa, nilikuwa nimekaribishwa katika darasa la tano la shule moja wilayani humu. Nimemaliza kuchora jedwali langu zuri ubaoni: mmumunyo, koloidi, mchanganyiko wenye mashapo. Kijana mmoja akanyoosha mkono. Akasema, “Mwalimu, lile tope lililoshuka mlimani liko safu gani?”

Hakuna aliyehitaji kuuliza tope lipi. Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Gendabi na mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wengine mliopo hapa mna ndugu kati yao, nami nasema kwa heshima.

Nilimjibu haraka, jibu la kitabu: ni mchanganyiko wenye mashapo, vitu vizito huzama. Akanitazama. Akasema, “Lakini mawe hayakuzama.”

Nilinyamaza. Baadaye nikaenda kusoma, na hiki ndicho ninachoweza kumjibu sasa. Lita moja ya maji ina kilo 1. Lita moja ya mwamba ina kilo 2.6 hivi, ndiyo maana jiwe linazama mtoni. Lakini lita moja ya tope zito linaloporomoka na mawe yake huwa na kati ya kilo 1.8 na 2.3. Chukua jiwe la kilo 26, lenye ukubwa wa lita 10. Ndani ya maji lingebaki na uzito wa kilo 16. Ndani ya tope la namna hiyo linabaki na uzito wa kilo 8, au hata 3. Karibu lielee. Juu ya hapo tope lenyewe linatembea, mawe yanagongana na kurushana, na makubwa mara nyingi husukumwa juu na mbele. Kijana aliona sawasawa. Mashapo hutuama pale tu mchanganyiko unapopewa utulivu, na lile halikupewa hata dakika.

Mafundi ujenzi mnalijua hili kuliko mimi. Zege lililokorogwa vizuri, kokoto zinakaa katikati yake, hazizami kwenye toroli. Lizidishie maji uone: kokoto chini, uji wa saruji juu. Vitu ni vilevile, saruji, mchanga, kokoto, maji. Kiasi kimebadilika, na tabia nayo imebadilika. Kwenye jedwali langu hapakuwa na safu ya tabia. Tangu siku ile nachora jedwali mwishoni mwa kipindi, na naacha safu moja tupu.

Kuna watu hupenda, wakifika hapa, kugeuza mada na kusema watu wa Hanang nao ni mchanganyiko mzuri, Wairaqw, Wadatoga, Wanyaturu, Wanyiramba. Sitasema hivyo. Watu si chumvi.

Turudi mezani. Zimepita dakika 40 na ushei. Mwalimu, zisogeze dirishani bila kuzitikisa. Naona zote mbili zimeweka changarawe na mchanga chini. Hivyo vilishuka nikiwa bado naanza. Juu yake udongo laini. Chembe yenye upana wa sehemu 20 za elfu ya milimita hushuka sentimita 10 kwa dakika 5 hivi. Chembe ya mfinyanzi, yenye upana wa sehemu 2 za elfu, inahitaji saa 8 kwa safari hiyohiyo, na iliyo ndogo zaidi ya hapo inaweza isifike kabisa. Ndiyo maana chupa isiyo na uzi bado ni kama chai ya maziwa. Imulikeni: fimbo ya mwanga hiyo. Ndani ya chupa moja mna mashapo chini na koloidi juu, na mtoto atakayesema “zote mbili” apewe alama zake.

Ile yenye uzi, afadhali, haikuniaibisha. Maji ya juu yameanza kuwa maangavu, upana wa vidole vinne hivi. Chembe za mfinyanzi zina chaji ya umeme inayozifanya zisukumane, ndiyo maana zinaelea kila moja kivyake. Chumvi inapunguza nguvu ya ile chaji, chembe zinashikana, zinakuwa mabonge na kushuka. Shabu hufanya kazi hiyo kwa kiasi kidogo zaidi, na mbegu za mlonge zilizosagwa nazo hufanya hivyo kwa njia yake.

Sasa swali. Mmetembea kutoka mbali, jua kali, kiu imewashika. Chupa mbili hizi, mtanyooshea ipi mkono? Nyoosheni, msiogope. Naam. Karibu wote mmeichagua yenye uzi, hata ninyi mlionisikia mwanzoni nikisema nimetia nini.

Mama unayetuandalia chai, tafadhali tukopeshe jiko lako na kijiko kimoja. Mwalimu, nyonya kwa bomba la sindano maji ya juu kabisa ya chupa yenye uzi, yale maangavu, ujaze kijiko, ukishike kwa kitambaa juu ya makaa. Polepole. Kinaanza kuchemka. Sogeeni mlio nyuma, acheni watoto wapite mbele. Maji yanakwisha. Hayo meupe yaliyoganda pembeni mwa kijiko ndiyo mliyokuwa mnataka kunywa. Kipitisheni mstari hadi mstari kila mtu akione, lakini kishikwe kwa kitambaa, bado ni cha moto.